Saa ya plastiki ya kufundishia watoto: chukua yenye gia, na saa zetu uziandike mwenyewe

Kwa wenye watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu, nataka niseme kuhusu ile saa ya plastiki ya kufundishia inayouzwa sana sasa hivi Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya shule. Ni ya duara, upana kama sentimita 25, uso mweupe, mshale mfupi mwekundu na mrefu wa bluu, nyuma kuna kifungo cha kuzungushia. Haina betri wala haitembei yenyewe, mtoto ndo anaizungusha. Mimi nimeichukua kwa shilingi 12,000, mtandaoni kuna wanaoiuza 25,000 na hela ya boda juu yake, ni ile ile kabisa, usivutwe na picha. Naitumia na binti yangu aliye darasa la pili shule ya Kiswahili na mtoto wa dada yangu anayesoma inglishi midiamu, wikendi wote wanashinda kwangu, kwa hiyo nimeiona ikifanya kazi kwa watoto wa pande zote mbili.

Jibu kwa mwenye haraka: nunua. Ila hakikisha ina gia, na ukifika nyumbani kabla hujampa mtoto kaa nayo kwanza uiandikie saa zetu za Kiswahili, manake kiwandani hawakuziweka, na bila hizo mtoto atajua kusoma saa ya darasani alafu jioni akisikia "leo tunakula saa mbili" hana pa kuiona hiyo saa mbili.

Nianze na gia. Kuna zile za karatasi ngumu za elfu tatu, mishale imeshikwa na pini katikati, kila mmoja unakwenda kivyake. Sizipendi na nitakwambia kwa nini. Mtoto anaambiwa weka saa tatu na nusu, anapeleka mshale mrefu kwenye 6, mshale mfupi anaubandika pale pale juu ya 9, mwalimu anampa vema. Sasa nenda kaangalie saa yoyote ya ukutani ikifika saa tatu na nusu, mshale mfupi uko katikati ya 9 na 10, haujawahi kukaa juu ya 9 muda huo tangu saa hiyo itengenezwe. Kwa hiyo mtoto amefundishwa picha ambayo haipo duniani, na siku akikutana na saa ya kweli anaona mshale mfupi umesimama kati ya namba mbili anaganda, hajui aseme saa tatu au saa nne. Nimeona mpaka watoto wa darasa la tano wanagandia hapo hapo na watu wanasema mtoto mzito. Mtoto hana uzito wowote, kafundishiwa kifaa kibovu.

Hii yenye gia ukizungusha mshale mrefu duara zima, mfupi unasogea namba moja tu, yaani mrefu unapiga raundi kumi na mbili ndo mfupi unamaliza moja. Na mtoto anaiona mwenyewe, anaona mfupi unavyojivuta kidogo kidogo wakati mrefu unakimbia, huhitaji maneno mengi. Binti yangu aliuzungusha mara ya kwanza akasema "mama huu mdogo mvivu", nikamwambia huyo mvivu ndo mwenye saa, mwenye mbio ni wa dakika. Pale dukani usione aibu, muombe muuzaji uzungushe. Mimi nilimwambia "kaka naomba niijaribu kwanza", akasema "jaribu tu dada yangu, nyingine zinakuja zimekaa vibaya", na kweli, ya kwanza mshale mrefu ukiwa kwenye 12 mfupi ulikuwa umeshapita namba. Akauchomoa akaurudishia sawasawa, ikawa vizuri. Angalia hilo kabla hujalipa.

Kitu kingine ambacho hakijaandikwa kwenye boksi lake lakini ndo kilichonisaidia kuliko vyote: mshale mrefu unachomoka. Uchomoe, uweke pembeni, anza na mfupi peke yake. Saa za mwanzo za Ulaya zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa, na watu waliishi nazo miaka mingi tu. Mshale wa dakika ulienea baada ya Mholanzi Christiaan Huygens kutengeneza saa ya pendulamu, yaani yenye uzito unaoning'inia na kuyumba, mwaka 1656, kabla ya hapo saa zilikuwa zinakosea sana kiasi kwamba kuonyesha dakika kulikuwa hakuna maana. Basi na mtoto apite njia hiyo hiyo. Unamuonyesha mfupi peke yake, unamuuliza, imefika saa nne au bado? "Bado kidogo." Imepita? "Imepita kidogo." Iko katikati? Akishaweza hivyo ameshajua saa kwa sehemu kubwa, mshale mrefu ukirudi unakuja kumwambia tu hiyo "kidogo" ni kiasi gani. Na kasorobo, ambayo ndo inawaliza watoto wengi, inakuwa rahisi, manake ameshaona kwa macho kwamba mfupi haujafika kwenye namba, umebakiza robo ya safari yake, kwa hiyo ni saa nne kasoro robo. Mtoto aliyezoea simu atakwambia saa tatu na dakika arobaini na tano, ni sawa pia, usimkatalie, muonyeshe tu kwamba ni mahali pale pale.

Haya, tuje kwenye kasoro yake. Uso wa saa una mistari mitatu ya namba, nje dakika 5 mpaka 60, katikati 1 mpaka 12, ndani 13 mpaka 24. Huo wa ndani ni wa mtindo wa ratiba za ndege, kwa mtoto wa miaka saba wa hapa kwetu haumsaidii chochote. Saa anazozisikia kuanzia anaamka mpaka analala, za mama, za bibi, za adhana, za taarifa ya habari ya saa mbili usiku, hazimo. Binti yangu shuleni mshale mfupi ukiwa kwenye 7 na mrefu kwenye 12 anasema saa moja kamili. Binamu yake anasema seven oklok. Walikuwa wanabishana mpaka kulia, na wote wawili wako sahihi kabisa, wanaongelea dakika ile ile ya asubuhi.

Najua jibu ambalo wengi wetu tulipewa utotoni, soma namba ya upande wa pili. Mshale uko kwenye 7, ng'ambo yake kuna 1, basi saa moja. Inafanya kazi, manake tofauti ni masaa sita na uso mzima ni kumi na mbili, kwa hiyo nusu ya duara. Lakini fikiria kwa mtoto. Jana umemfundisha kwa jasho kwamba mshale unaonyesha namba, leo unamwambia asome namba ambayo mshale hauionyeshi. Atatii kwa sababu ni mtoto, na atakariri, lakini ukimuuliza kwa nini hana jibu, na hesabu za "masaa mangapi yamepita" zikianza anachanganya pande mbili kwenye swali moja.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nimekata karatasi nyeupe ngumu, duara lenye tundu katikati, ukubwa wa kuziba ule mstari wa ndani wa 13 mpaka 24, nikachomoa mishale, nikaibandika kwa gundi, nikaandika kwa maka peni ya kijani: chini ya 7 nimeandika 1, chini ya 8 nimeandika 2, 9 ikapata 3, ukizunguka hivyo mpaka 12 inapata 6, 1 inapata 7, na 6 ya chini kabisa inapata 12. Dakika usiziguse, dakika ni zile zile kwa wote. Juu yake nikapitisha selotepu ya uwazi manake mikono ya watoto ina jasho na wino unafutika. Sasa mshale mfupi ukisimama mahali unasoma namba mbili, nyeusi ni ya kiingereza, kijani ni ya kwetu. Mwalimu mmoja jirani yangu alisema nitawachanganya kuweka zote mbili pamoja. Mimi naona watoto walikuwa wameshachanganywa tayari, manake zote mbili wanazisikia kila siku, tofauti sasa ni kwamba wanaziona zimekaa pamoja na ugomvi umeisha.

Na baada ya kuandika hizo za kijani ndo nikaona kitu ambacho kwa kweli kimenifurahisha sana. Kwa saa zetu siku inaanza na mshale mfupi ukiwa chini kabisa, saa kumi na mbili asubuhi, jua nalo liko chini ndo linachomoza. Kutoka hapo mshale unapanda upande wa kushoto, saa moja, saa mbili, saa tatu, na jua linapanda. Saa sita mchana mshale uko juu kabisa, jua nalo liko utosini. Alafu unashuka upande wa kulia, saa saba, saa nane, alasiri, mpaka saa kumi na mbili jioni uko chini tena na jua linazama. Raundi moja ya mshale mfupi ni mchana mzima, raundi ya pili ni usiku mzima. Ukiitundika saa kwenye ukuta wa kusini wa chumba, mtoto akiitazama anakuwa ameelekea kusini, mashariki iko mkono wake wa kushoto, kwa hiyo mshale unapanda upande ule ule jua linakopandia na kushuka linakoshukia. Nimeitundika hivyo na sasa hata mtoto wa miaka mitano wa jirani anakuambia "mshale umepanda nusu, bado hatujala".

Hii sio bahati, ni kwa sababu ya tunapoishi. Sisi tuko karibu na ikweta, hapa Dar mchana mrefu kuliko yote wa Desemba na mfupi kuliko yote wa Juni tofauti yake haifiki saa nzima, kwa hiyo kuhesabu saa kuanzia jua linapochomoza kunakaa vizuri mwaka mzima. London mchana wa Desemba haufiki hata masaa manane na wa Juni unapita kumi na sita na nusu, huko ukisema saa moja ni saa moja baada ya jua kutoka, hiyo saa moja itahama kila wiki. Warumi wa zamani walifanya hivyo, waligawa mchana mafungu kumi na mbili hata uwe mrefu au mfupi, kwa hiyo saa yao ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya baridi. Waethiopia wanahesabu kama sisi, alfajiri ndo mwanzo, na wengi wao saa zao wanazitega hivyo hivyo, hawasomi upande wa pili. Mtoto akijua hili anaacha kuona saa za Kiswahili kama ni makosa ambayo wazee waliyafanya na sasa yanamsumbua kwenye mtihani. Hilo la mwisho linaniuma kwa kweli, manake nimesikia wazazi wanawaambia watoto "achana na saa za kiswahili utafeli".

Mtoto wa dada yangu akauliza swali zuri, kwamba mbona asubuhi tukimpigia bibi anasema bado giza. Bibi yake yuko Ujiji, Kigoma. Mwezi wa saba hapa Dar jua linatoka kama saa kumi na mbili na dakika thelathini na kitu, Kigoma ni mpaka saa moja na dakika kama kumi. Nchi moja, saa ile ile, jua mbalimbali. Tukachukua ramani, Dar na Kigoma zimeachana nyuzi (digrii) karibu kumi, na dunia inahitaji dakika nne kuzunguka uzi mmoja, zidisha unapata karibu dakika arobaini. Watoto wa darasa la pili hawajui nyuzi lakini chungwa na tochi wanaelewa, washa tochi, zungusha chungwa, weka alama mbili za kalamu, moja inafika kwenye mwanga kabla ya nyenzake. Alafu nikawaonyesha Bujumbura ya Burundi, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, jua wanaliona karibu wakati mmoja na bibi yao Kigoma, lakini saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima. Bibi akisema saa mbili asubuhi, Bujumbura ni saa moja. Hapo ndo mtoto anaelewa kwamba jua ni la Mungu lakini saa ni makubaliano ya watu, nchi inakaa inachagua. Sisi, Wakenya na Waganda tumekubaliana kutumia saa ya mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita karibu na Mogadishu, wala haupiti kwetu.

Hiyo ndo inaeleza kitu kingine utakachokiona ukichomeka kijiti uani, na nakuomba ukichomeke, hakigharimu kitu na hii saa ya plastiki bila kijiti ni nusu ya somo. Chomeka fimbo iliyonyooka mahali pasipo na kivuli cha nyumba, kila saa kamili mtoto aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli. Utaona kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili, hapa Dar kinakuja kati ya saa sita na dakika kama sita na saa sita na nusu na kitu kutegemea mwezi, kwa sababu saa yetu imetegwa kwa jua la mashariki yetu kidogo. Na kuna la kushangaza zaidi. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko kaskazini yetu, kivuli kinaangukia kusini, na ukifuata yale mawe kuanzia asubuhi mpaka jioni yanazunguka kinyume cha mishale ya saa! Watoto wangu walikuwa wa kwanza kuona, mimi nilikuwa napika, wakaniita. Mishale ya saa inazunguka hivi inavyozunguka kwa sababu waliobuni saa waliishi kaskazini huko, na vivuli vya huko mwaka mzima vinakwenda upande huo. Sisi miezi michache tu, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, ndo kivuli chetu kinafuatana na saa. Tarehe kama kumi Oktoba na siku za mwanzo za Machi jua linapita juu kabisa ya kichwa, fimbo mchana inakosa kivuli. Tafuta siku hiyo mwaka huu, mtoe mtoto nje.

Sasa kuna jambo ambalo saa hii haiwezi kabisa, na boksi lake linadai inaweza. Imeandikwa itamfanya mtoto aelewe muda. Hapana, inamfundisha kusoma saa. Muda wenyewe, kwamba dakika moja ni ndefu kiasi gani mwilini, kusubiri kukoje, hilo mtoto hapati kwenye kitu anachokizungusha kwa mkono, manake akitaka saa tano zipite anazungusha tu. Pale pale dukani wanauza zile saa za mchanga za plastiki, seti ya dakika moja, tatu na tano, elfu nane. Wazo zuri ila zile nilizopata ni ovyo, ya dakika tano nikiipima na simu inaisha mapema, na ukiigeuza upande wa pili inatoa jibu jingine. Kwa kupimia kupiga mswaki sawa, kwa kumfundishia mtoto kwamba kipimo ni kipimo, hapana, sikushauri.

Badala yake chukua uzi na jiwe. Funga jiwe dogo kwenye uzi, ning'iniza kwenye msumari wa mlango, kutoka kwenye msumari mpaka katikati ya jiwe iwe sentimita 99, karibu mita moja. Livute kidogo tu pembeni, liachie. Kila likitoka upande mmoja kwenda wa pili ni sekunde moja. Hesabu sitini, ni dakika. Badilisha jiwe weka zito zaidi, mwendo ni ule ule, watoto hawataamini watataka warudie. Punguza uzi ubaki robo, kama sentimita 25, litakwenda mara mbili haraka. Hiki ndo alichokitumia yule Huygens niliyemtaja, na watoto wangu wamekaa na hili jiwe muda mrefu kuliko na saa yenyewe, wanapimana nani anaweza kukaa kimya dakika nzima, nani anaweza kufumba macho akafumbua ikifika sitini. Huyu mdogo alikuwa anafumbua ishirini na kitu, sasa anakaribia hamsini. Anajifunza muda huyo.

Watauliza kwa nini sitini, kwa nini isiwe mia kama hela. Sitini imetoka Babeli, Iraki ya leo, wao walihesabu kwa mafungu ya sitini maelfu ya miaka iliyopita, na kugawa mchana mafungu kumi na mbili kumetoka Misri ya kale. Mimi nilimwaga maharage sitini kwenye sinia, wagaweni watu wawili, watatu, wanne, watano, sita, kila mara yanagawanyika hakuna linalobaki. Kisha tukaweka mia, watu watatu tu imeshashindikana, moja limebaki. Wafaransa walijaribu, wakati wa mapinduzi yao mwaka 1793 walipitisha siku ya masaa kumi na saa ya dakika mia, mwaka 1795 wakaiacha. Hapo unakuwa umemjibu mtoto vizuri kuliko kumwambia "ndivyo ilivyo".

Na sisi wakubwa tuna kazi yetu hapa. Ukimwambia mtoto "nakuja dakika tano" ukarudi baada ya saa nzima, umemfundisha kwamba dakika tano ni neno la kumtuliza tu. Binti yangu baada ya wiki za jiwe na uzi alianza kunipima. Nikisema dakika kumi anakwenda kuzungusha saa yake ya plastiki, anaweka mshale mrefu nitakapokuwa nimetimiza, anailaza karibu na ile ya ukutani inayotembea, anasubiri zifanane. Nimependa sana matumizi hayo na sijayaona kwenye maelekezo yoyote, ile ya plastiki inasimama kama ahadi, ya ukutani inaifuata. Tunaitumia hivyo kwa kila kitu sasa, muda wa kuzima tivii, muda wa baba kurudi, muda wa maharage kuiva. Na mimi nimekuwa nasema nusu saa pale ninapojua ni nusu saa.

Ubora wake kama bidhaa: plastiki ni nzuri kiasi, imeanguka sakafuni zaidi ya mara moja haijapasuka. Namba zimechapwa, sio stika, hazibanduki. Kifungo cha nyuma kimeanza kulegea na ukiinua saa ikasimama wima mshale mrefu unateleza wenyewe ukiwa upande wa kulia, unashuka, kwa hiyo mtoto anaweka saa saba na robo akigeuka anakuta imekuwa kitu kingine. Nimeweka kipande kidogo cha mpira wa mkoba wa zamani nyuma ya kifungo ikakaza. Kile kisimamio cha nyuma cha waya hakifai, kitoe, itundike. Karatasi ya mazoezi iliyokuja nayo ina picha za mtoto anakula kifungua kinywa saa 7:30, nimeandika juu yake saa moja na nusu kwa kijani pia.

Mwenye mtoto chini ya miaka mitano asiinunue bado, huyo muongelee asubuhi, mchana, jioni, jana, kesho, na kijiti cha uani, vinamtosha kabisa. Walimu wenye darasa kubwa hii ya sentimita 25 haitaonekana nyuma, ipo nyingine ya karibu sentimita 40 ya aina hiyo hiyo, niliiona ikiuzwa 30,000, shule zichangishane. Kwa nyumbani hii ndogo ipewe nyota nne, ya tano itakuja siku watakayochapa na saa zetu, na wafanyabiashara wanaoagiza mzigo kutoka China naomba mlisikie hili, ni mstari mmoja tu wa namba mnabadilisha na mtauza Tanzania nzima mpaka Kenya. Bei yake isizidi 15,000, na muuzaji asiyetaka uizungushe dukani muache, nenda duka la pili.